Anayelala na Anayetembea

Ijulikane tangu mwanzo kwamba Jaji hakuwa mtu mbaya. Hayo yalikuwa maoni yake mwenyewe, na katika Bweni la Pili hapakuwa na mahakama ya juu ya kuyakatia rufaa.

Cheo hicho alikipata akiwa kidato cha kwanza, ilipozuka kesi ya sabuni ya kuogea iliyopotea kwenye sanduku la mwenzao. Jaji alipanda juu ya ndoo iliyopinduliwa, akawaamuru washtakiwa wote wainue mikono, akapita akiwanusa makwapa mmoja mmoja bila kucheka. Aliyenukia vizuri kupita kawaida yake alipatikana na hatia. Tangu hapo, kila msichana aliyeibiwa, aliyesingiziwa au aliyenuniwa alimwendea Jaji, naye alimsikiliza kwa uso wa mazishi, kisha akatoa hukumu ambayo kwa kawaida ilimfurahisha Jaji kuliko mtu mwingine yeyote.

Sasa alikuwa kidato cha tatu, na alikuwa na kisasi. Viranja walikuwa wamemsemea kwa matroni kuhusu chura aliyekutwa ndani ya ndoo ya kiranja mkuu, na Jaji akafagia njia ya vyoo mpaka viganja vikaota sugu. Chura alikuwa wake, hilo hakulikana. Kilichomuuma ni kusemewa.

Kuielewa hukumu aliyowaandalia viranja, lazima kwanza mtu aujue uwanja wa shule ile. Ulikuwa umesakafiwa kwa mabamba ya saruji, mraba kwa mraba, na mwalimu wa hesabu alikuwa ameugeuza kuwa grafu. Mwalimu huyo walimwita Timazi, kwa sababu alitembea amenyooka kama uzi wa fundi mwashi wenye risasi chini yake. Nguzo ya kengele pembeni ndiyo ilikuwa sifuri. Ukihesabu mabamba kutoka kwenye nguzo kufuata ukuta wa geti, hizo ni eksi. Ukihesabu kutoka ukuta wa geti kuelekea mabweni, hizo ni wai. Kila msichana alikuwa na bamba lake, na aliijua anwani yake kuliko alivyoijua siku yake ya kuzaliwa. Jaji alisimama kwenye nne na tatu, yaani eksi nne, wai tatu. Viranja walijipanga bega kwa bega kwenye mstari mlalo wa saba, wai ni sawa na saba, kama vikombe kwenye kabati la mgeni.

Jumamosi ya ruhusa, hakuna aliyetoka kwa miguu tu. Watu walitoka kwa mlinganyo. Timazi alimchagua msichana mmoja kwenye kila safu inayotoka getini kwenda mabwenini, akamwuliza mlinganyo wa safu yake. Akipatia, safu nzima hutoka. Akikosea, mstari alioutaja ndio uliolipa: waliosimama juu yake walibaki pale pale mpaka kengele ya chakula, hata kama hawakufungua mdomo. Safu yake huulizwa upya kwa mwingine. Na yeye mwenyewe huenda kusimama kwenye bamba ambapo safu yake na mstari aliousingizia vinakutana. Timazi aliliita jambo hilo uzito wa neno. Wasichana waliliita majina mengine.

Na kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Aliyeulizwa kwanza sikuzote alikuwa mgeni.

Mgeni wa muhula ule alikuwa msichana mdogo wa kidato cha kwanza, mwenye shingo nyembamba na sare iliyoshonwa kwa matumaini ya kukua. Walimwita Kuku kwa heshima ya methali hiyo. Aliitika. Bamba lake lilikuwa kwenye safu ya saba.

Alimfuata Jaji mwenyewe, siku ya Ijumaa, Jaji akianua soksi kwenye kamba nyuma ya bweni.

"Shikamoo dada Jaji. Wamesema wewe unajua milinganyo."

"Marahaba. Nani amesema?"

"Wote. Wamesema pia nisije."

"Wamesema kweli mara mbili," Jaji alisema, akakunja soksi. "Una shida gani?"

Kuku alieleza. Baba yake alikuwa dereva wa lori la mbao, na njia yake ilipita mbele ya shule mara moja tu kwa muhula. Mara hiyo ilikuwa kesho. Angepiga honi mara mbili na kusubiri mpaka kengele ya chakula, si zaidi, kwa sababu mzigo una mwenyewe. Mama hakuwepo tangu Kuku akinyonya. Walikuwa wawili tu, baba na yeye, na tangu aletwe shuleni hawajaonana.

"Mistari mlalo ninaiweza," alisema. "Huu unaosimama ndio unanichanganya. Nikikosea kesho, dada, simwoni baba."

Hapa ndipo mtu mbaya angecheka. Jaji hakucheka. Aliona tu, kwa utulivu wa hakimu, kwamba Mungu amemletea chombo. Mgeni ataulizwa. Mgeni yuko safu ya saba. Mgeni akisema wai badala ya eksi, viranja wote wataota jua pale pale walipo, huku mji mzima ukiwasubiri. Habari ya baba aliisikia vizuri. Aliiweka pembeni, kama mtu anavyosogeza kikombe ili apate nafasi ya daftari.

Alichukua kipande cha mkaa, akachora mihimili miwili ukutani na mstari wima mmoja.

"Nitajie nukta za safu yako."

"Saba na moja. Saba na mbili. Saba na tano."

"Nani hapo anatembea?"

Kuku aliangalia. "Wai. Anatoka moja anakwenda mpaka tano."

"Na eksi?"

"Eksi amekaa tu. Saba, saba, saba."

"Amekaa, au amelala?"

"Amelala, dada."

"Sasa niambie. Nyumba huitwa kwa jina la anayetoka kuhangaika, au la anayelala mchana kutwa?"

"La anayehangaika."

"Basi umejifundisha mwenyewe, mimi nimeshika mkaa tu. Mstari unaosimama ni wa wai. Safu yako ni wai ni sawa na saba."

Kuku alikunja uso. Hakuwa mjinga, na hilo lilimpa Jaji usumbufu kidogo. "Lakini dada, hapo wai hajawa saba hata mara moja. Amekuwa moja, amekuwa mbili, amekuwa tano."

Jaji alimtazama kwa huruma ya askofu. "Ndiyo maana hizi zinaitwa hesabu za sekondari. Zingekuwa zinaonekana kwa macho, tungeletwa huku kufanya nini?"

Hoja hiyo ilimmaliza Kuku. Aliirudia mara kadhaa, midomo ikicheza: anayetembea ndiye mwenye jina. Kisha akashukuru, akapiga goti kidogo, akaomba ambebee Jaji soksi zake mpaka kitandani. Jaji alikubali. Ukikataa shukrani unamvunja mtu moyo.

Jumamosi asubuhi, msichana mmoja wa safu ya tatu aliamka na matubwitubwi, mashavu kama anaficha maandazi, akapelekwa zahanati. Pengo likabaki. Na matroni alikuwa mwanamke asiyeweza kuvumilia pengo, lilimkera kama jino lililong'oka. Alipita uwanjani kabla ya Timazi kufika, akamshika Kuku bega, akamtoa safu ya saba, akampandikiza safu ya tatu.

Jaji aliliona hilo akiwa bado anafunga kamba za viatu. Kidole kikabaki ndani ya fundo.

Kuku sasa yuko safu ya tatu. Akifuata somo lake vizuri, na kwa bahati mbaya alikuwa mwanafunzi mzuri, atasema wai ni sawa na tatu. Na kwenye wai ni sawa na tatu, bamba la nne kutoka kwenye nguzo, ambaye angebaki kuota jua mpaka kengele ya chakula ni mheshimiwa Jaji mwenyewe.

Mchimba kisima huingia mwenyewe, wanasema wazee. Hawasemi kwamba wakati mwingine huingia akiwa na mfuko wa kununulia mkate wa siagi mjini na rafiki wawili wanaomsubiri.

Timazi alitokea, filimbi shingoni. Jaji, bamba moja tu kutoka kwenye safu ya Kuku, aligeuza shingo na kumkodolea macho. Alikunja vidole viwili vikapandana, mfano wa eksi. Kuku aliviona. Alitabasamu mpaka fizi zikaonekana, naye akapandanisha vya kwake, akidhani Jaji anamtakia heri.

"Mgeni," Timazi alisema. "Safu yako."

Wakati huo huo, nje ya ukuta, honi ya lori ililia mara mbili. Ilikuwa honi nzito, ya kikohozi. Kuku aliruka kidogo kama aliyeguswa.

"Safu yangu, mwalimu, ni wai ni sawa na tatu."

Alisema kwa sauti safi, bila kusita. Mstari mlalo wa tatu ulitoa mguno mmoja wa pamoja, kama ng'ombe aliyekanyagwa.

Timazi hakukasirika. Kukasirika kungekuwa afadhali. Alimsogelea, mikono nyuma. "Wai ni sawa na tatu ni hawa," alisema, akaunyoosha mkono kulia na kushoto. "Wamelala kama mkeka. Wewe umesimama kama nguzo. Unaona wanafanana?"

"Anayetembea ndiye mwenye jina, mwalimu."

Waliosikia walicheka. Timazi hakucheka, akainamisha kichwa. "Hilo si kosa la mtoto. Hilo limefundishwa. Nani amekufundisha?"

Jaji aliyaangalia mabamba. Palikuwa na ufa kwenye bamba lake, na ndani ya ufa chungu wawili walikuwa wakivuta bawa la nzi.

"Aliyemfundisha ajitaje," Timazi alisema kwa uwanja mzima. "Akijitaja, atabaki yeye peke yake. Mstari wa tatu utatoka, na mgeni atatoka."

Hapo sheria ilikuwa wazi, na Jaji alikuwa mtu wa sheria. Neno moja lilitosha. Kuku hakumtazama hata kidogo. Jaji alijua kwa nini, na alitamani asingejua.

"Nilijifundisha mwenyewe, mwalimu," Kuku alisema.

"Una hakika?"

"Ndiyo, mwalimu."

Chungu wakalishusha bawa, wakalizunguka, wakalivuta upya. Jaji aliendelea kuwaangalia.

"Haya. Nenda tatu na tatu."

Safu ya tatu iliulizwa tena kwa msichana mwingine, akasema eksi ni sawa na tatu huku akipiga mwayo, na safu ikamiminika nje. Zikafuata nyingine, zikiwaacha wa mstari wa tatu tu. Viranja walipita mmoja mmoja mbele ya Jaji, na kiranja mkuu akamwinamia sikioni. "Pole, mheshimiwa. Tukuletee mkate, au chura anatosha?"

Sasa tatu na tatu lilikuwa bamba la pekee katika uwanja ule. Safu ya tatu iliangaliana na geti moja kwa moja. Geti likiwa wazi, mtu aliyesimama pale aliiona barabara yote, na barabara ilimwona yeye.

Geti lilikuwa wazi. Lori lilikuwa limesimama ng'ambo, limefunikwa turubai. Mbele yake alisimama mwanamume mfupi mwenye ovaroli iliyoloa grisi magotini. Mkononi alikuwa na kifurushi cha gazeti kilichofungwa kwa uzi.

Alimwona. Akainua mkono.

Kuku hakuinua. Kwenye bamba la adhabu hakuna kunyanyua mkono wala kupaza sauti, na Timazi alikuwa nyuma yake amesimama wima akisoma gazeti.

Baba alivuka barabara mpaka getini. Mlinzi wa geti alikuwa mzee aliyependa kuongea, na sauti yake ilifika mpaka kwa Jaji.

"Nimemjia binti yangu, mzee mwenzangu. Yule pale."

"Leo ni ruhusa, mwanangu. Kila mwenye kutaka kutoka anatoka. Huoni wanavyopita?"

"Mbona yeye hatoki?"

Mlinzi aligeuka akamtazama Kuku, akatazama wasichana wanaopita wakicheka, akakuna kidevu. Hakuwa amesomea grafu. "Labda hajataka. Mabinti wa shule hizi, wakishavaa tai, wengine huona haya. Usimlazimishe mbele ya wenzake."

Baba alijitazama ovaroli. Alijifuta mikono kwenye mapaja, ikawa michafu zaidi. Akakifungua kifurushi pembeni kidogo, akakiinua juu ili Kuku aone: viatu vyeusi vipya, vya kufunga. Hata kwa mbali ilionekana ni vidogo. Alikuwa amenunua mguu anaoukumbuka.

Kuku alikuwa analia bila kutikisika, na machozi hayaonekani kutoka barabarani. Jaji ndiye aliyekuwa karibu, hatua moja tu. Aliweza kusikia pua yake.

"Dada," Kuku alinong'ona, midomo haifunguki. "Anadhani sitaki."

"Nyamaza. Watatuongezea," Jaji alinong'ona.

Baba alisubiri. Alirudi akaegemea lori, akaangalia matairi ambayo hayakuwa na tatizo, akaangalia tena getini. Kengele ya chakula ilipogongwa alikuwa ameshapanda. Viatu alikwenda navyo. Honi alipiga mara moja, fupi, kama mtu anayeomba radhi kwa kupita, na Kuku alipofika getini mbio, palikuwa na vumbi na harufu ya dizeli.

Jumapili mchana mstari wa tatu ulifungua kesi dhidi ya Kuku kwa kuwanyima mji. Nani angesikiliza isipokuwa Jaji? Alipanda ndoo yake. Mshtakiwa aliulizwa kama ana la kusema, akasema hana. Hukumu: kuwatandikia vitanda wote mpaka muhula uishe. Godoro lake walikuwa wamekwisha kulimwagia maji kabla ya kesi kuanza, kwa hiyo Jaji aliamuru hilo lihesabiwe kama sehemu ya adhabu. Wengi walimsifu kwa huruma hiyo.

Watu walipotawanyika, Kuku alibaki chini ya ndoo.

"Dada Jaji, naomba unisaidie. Nilikosea wapi? Ni anayelala au ni anayetembea?"

Jaji alimtazama. Ile nafasi ya uwanjani, ya neno moja, ilikuwa imerudi yenyewe bila kuitwa, tena safari hii hapakuwa na Timazi wala jua.

"Anayelala," alisema. "Yule asiyebadilika ndiye mwenye jina. Eksi ni tatu, tatu, tatu, basi eksi ni sawa na tatu."

"Lakini ulisema..."

"Nilisema anayelala. Ulisikia vibaya."

Kuku alifikiri, akajikagua moyoni kama mtu anayejipapasa mifuko. Kisha akaitikia kwa kichwa polepole. "Basi nilisikia vibaya. Nilikuwa namfikiria baba. Ahsante, dada."

Lililofuata ni aibu kulisimulia, kwa kuwa ni la heshima. Kuku aliushika mlinganyo wa mstari wima kama sala. Aliwafundisha wenzake wa kidato cha kwanza kwa mkaa, kwenye ukuta ule ule: huu hauna mteremko hata ukiutafuta, kwa sababu eksi haendi popote na huwezi kugawanya kwa sifuri, tafuta anayelala, mwite jina. Kila mara alimalizia kwa kusema, "Dada Jaji ndiye aliyenifundisha. Mimi tu nilisikia vibaya." Habari zikamfikia Timazi. Mbele ya uwanja mzima alimwita Jaji na kumpongeza kwa kuwasaidia wadogo zake, akampa filimbi ya akiba awe msaidizi wake. Aliyepiga makofi kwa nguvu kuliko wote alikuwa kwenye eksi tatu, na mikono yake ilikuwa ya mtu anayetandika vitanda vya watu wengi.

Muhula uliofuata, Jumamosi ya ruhusa, Timazi alisahau kwamba Kuku si mgeni tena, akamwuliza.

"Eksi ni sawa na tatu, mwalimu."

Safu ikatoka. Kuku alitoka wa kwanza, amevaa viatu vyake vya zamani alivyovipiga rangi vikang'aa, akasimama kando ya barabara ambapo asingeweza kutoonekana. Jaji, aliyetoka nyuma kidogo na mfuko wake wa mkate, alijikuta anafunga kamba za viatu ambazo hazikufunguka.

Honi ya kikohozi ililia mara moja kabla ya kona. Lilikuwa lori lile lile, turubai lile lile. Kuku alipunga mikono yote miwili, akaruka. Lori likasimama. Aliyechungulia dirishani alikuwa kijana mwenye kofia.

"Vipi, mdogo wangu? Unataka lifti?"

"Hapana, kaka. Yule mzee wa lori hili yuko wapi?"

"Mzee? Aliomba abadilishiwe njia. Siku hizi yuko ile ya mbali, hapiti huku." Kijana alizima injini ili asikike vizuri. "Alisema huku hakuna anayemngoja. Wewe ni nani wake?"

Kuku alimtazama, akatazama lori, akaitazama safu ya tatu iliyonyooka kutoka getini mpaka mabwenini.

"Nilikuwa nauliza tu," alisema.

Lori likaondoka. Aligeuka, akamwona Jaji ameinama pale karibu, na uso wake ukajaribu kutabasamu kwa adabu, kama anavyofanya mdogo akikutana na mkubwa wake njiani.

"Leo nimepatia, dada," alisema. "Ulinisikia?"